UZI: Mitihani ya kompyuta badala ya karatasi – Mombasa tuanzie mitihani ya shule, KCSE ingoje

Kibodi_Mvita:

Wakubwa wangu shikamooni, wenzangu hamjambo.

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, kwenye baraza zetu hapa Mombasa hurudi swali lilelile: kwa nini mtihani usifanywe kwa kompyuta, yaishe mambo ya kontena za kufungia karatasi, askari na fununu za karatasi kuvuja? Mimi ni mwalimu wa somo la Kompyuta katika shule moja ya upili ya umma hapa kisiwani. Suala hili nalifuatilia na nalipenda, ndiyo maana nimeona nilifungulie uzi wake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtihani wa kompyuta nautaka. Lakini nautaka uanzie kwenye mitihani yetu ya ndani, ile ya wiki na ya muhula, kwa seva (kompyuta inayotunza maswali na majibu) iliyomo chumbani humo humo, na mtoto awe ameshazoea kibodi kwa miaka kabla hatujamwambia kwamba gredi yake inatoka humo. Kuanzia juu, KCSE kwanza, ni kuwaonea watoto wa shule zisizo na kitu.

Nianze na hilo la wizi, kwa sababu ndilo linalotajwa zaidi na kwa maoni yangu ndilo hoja dhaifu kuliko zote. Mwaka 2015 waliopata A kamili katika KCSE walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, baada ya waziri wa elimu Fred Matiang'i na mwenyekiti wa baraza la mitihani, KNEC, George Magoha kubana usimamizi, walikuwa 141. Karatasi ilikuwa ileile na kalamu ileile. Kilichobadilika ni nani anashika ufunguo wa kontena na nani anawajibika likifunguliwa kabla ya wakati. Kwa hivyo mtu asije akatuambia kwamba mashine ndiyo dawa ya udanganyifu. Mashine pia ina ufunguo wake, na kuna mtu anaushika.

Sababu inayonifanya mimi nilale nikiifikiria ni nyingine kabisa: muda unaopita kati ya mtoto kujibu na mtoto kujua alikosea wapi. Mwalimu mwenye mikondo minne anabeba rundo la karatasi nyumbani Ijumaa, anasahihisha hadi usiku, na zikirudi darasani mada imeshapita. Mwanafunzi anaangalia alama juu ya karatasi, anaikunja, basi. Mtihani uleule ukifanywa kwa Moodle (programu ya bure ya masomo na mitihani, ipo tangu 2002) mtoto anaona jibu lake na maelezo papo hapo, na mwalimu anaona kitu ambacho karatasi haimwonyeshi kwa urahisi, yaani swali lenyewe limefanyaje kazi.

Niwape mfano. Kuna swali linalonakiliwa kutoka kitabu kimoja cha marudio hadi kingine: "Kipi kati ya hivi ni kifaa cha kutoa matokeo?" Machaguo ni kibodi, kipanya, skrini ya mguso na printa. Jibu la kitabu ni printa. Tulipoliweka kwenye mashine, takwimu zilionyesha kwamba waliolikosa wengi ni wale waliofanya vizuri katika mtihani mzima. Walichagua skrini ya mguso, na hawakuwa wajinga: skrini ya mguso inaingiza na inatoa. Swali lina majibu mawili sahihi! Limewakata alama wanafunzi wazuri miaka nenda miaka rudi, na kwa karatasi hakuna aliyeona, maana nani ana muda wa kukaa akahesabu nani alichagua nini?

Sasa upande wa pili, ambao watu wa mjini hawapendi kuusikia. Kaa nyuma ya mtoto aliyeingia sekondari bila kuwahi kugusa kompyuta, umtazame akiandika sentensi moja ya Insha: "Ng'ombe wa mzee Ali walipotea." Kwa herufi kubwa anabonyeza Caps Lock, anaandika N, anabonyeza tena. Kisha anatafuta ile alama ya ritifaa. Macho yanazunguka kibodi nzima, haioni, anaandika "Ngombe". Anaendelea. Mashine imewekwa lugha ya Kiingereza, kwa hiyo chini ya "walipotea" panatokea mstari mwekundu. Anadhani amekosea tahajia. Anafuta neno lililokuwa sahihi, anaandika "walipotelea", mstari bado upo, anafuta tena. Dakika zimekwenda, na Kiswahili chake hakijapimwa hata kidogo. Huyo huyo mpe karatasi na kalamu atakujazia kurasa mbili kabla hujamaliza kutembea darasa zima.

Hili si la Mombasa peke yake. Katika jimbo la Massachusetts kule Marekani, mwaka 2015 na 2016, baadhi ya wilaya zilifanya PARCC, mtihani wa shule wa Kiingereza na hesabu, kwa kompyuta na nyingine kwa karatasi. Walioufanya kwa kompyuta walipata alama za chini zaidi, na Kiingereza ndicho kilichoathirika kuliko hesabu. Mwaka wa pili pengo likapungua. Nawaomba mlishike hilo la mwaka wa pili: watoto walizoea. Mazoea ndiyo yanayotakiwa kutangulia, na mahali pa kuyapata ni mtihani wa wiki ambao ukiharibika hakuna anayekosa chuo.

Karibuni tujadili. Nitajibu kila mtu.

---

MamaWawili_Likoni:

Mwalimu, ahsante kwa maelezo. Mimi ni mzazi tu, nina mmoja gredi ya nane na mmoja kidato cha tatu. Naomba unisaidie hapa: stima ikipotea katikati ya mtihani itakuwaje? Huku kwetu ikipotea saa nne, wakati mwingine inarudi adhuhuri. Na mtandao nao tunaujua. Karatasi haizimiki, mwalimu.

---

Kibodi_Mvita:

Mama, umeuliza lile hasa linalotakiwa kuulizwa. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Mtandao kwanza. Mitihani ya kompyuta iliyopangwa vizuri haitegemei intaneti wakati mtoto anajibu. Finland ilihamisha mtihani wake wa kumaliza sekondari kwenye kompyuta hatua kwa hatua, kuanzia vuli ya 2016 hadi majira ya kuchipua ya 2019. Mfumo wao unaitwa Abitti. Mwanafunzi anaiwasha kompyuta yake kwa flashi maalumu, kwa hivyo faili zake binafsi hazifunguki, na majibu yanakwenda kwa seva iliyo ndani ya ukumbi uleule. Intaneti ya nje ikikatika, mtihani unaendelea kama kawaida. SAT, mtihani wa kuombea chuo Marekani, nayo, tangu ilipohamia kompyuta nje ya nchi hiyo Machi 2023, inahifadhi majibu kwenye kifaa cha mwanafunzi. Mtandao ukipotea katikati anaendelea kujibu, na unahitajika tena wakati wa kutuma.

Sisi hapa tunajisifu kwamba kebo za intaneti za baharini zinatua kwetu, na ni kweli. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy 2010. Lakini kebo kupita chini ya bahari yetu na chumba cha kompyuta cha shule kuwa na mtandao ni mambo mawili. Halafu mnakumbuka Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikabaki inasota? Mtihani wa taifa hauwezi kuning'inia kwenye uzi huo. Seva ikae chumbani, nukta.

Stima ndiyo ngumu. Usiku wa Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Nairobi uliingia gizani. Kwa chumba chenye kompyuta za mezani unahitaji betri za akiba au jenereta, na hiyo ni pesa. Kwa kompyuta za mkononi mambo ni nafuu, kwani betri nzima inamaliza karatasi ya saa mbili na nusu, na kinachobaki kulindwa ni seva moja na ruta moja. Ndiyo maana mimi hupinga kila shule inapotaka kununua mashine za mezani kwa kuwa tu ni rahisi kidogo dukani.

Ila mama, karatasi nayo ina stima yake. Novemba 2023, katikati ya KCSE, mvua za El Niño zilifurisha mitaa ya Mombasa. Karatasi zinatoka kwenye kontena la kaunti ndogo asubuhi, zinapita barabara hizo hizo zilizojaa maji, na zinarudi jioni kwa njia hiyo hiyo.

---

Hesabu_Changamwe:

Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu, lakini mimi hapa nakupinga waziwazi. Hesabu haifanyiki kwa kompyuta. Karatasi yetu ya KCSE ina alama 100, na sehemu kubwa ya alama hizo ni za hatua. Mtoto akikosea kutoa mwishoni lakini njia ni sahihi, anapata alama za njia. Kwenye mashine ataandika "x = 4", mashine itasema kosa, na kazi yote imepotea. Na mchoro wa bikari na rula utauchora kwa kipanya? Na grafu? Hata huko Finland ulikotaja, hesabu iliingia ya mwisho kabisa, 2019. Wao wenyewe waliogopa.

Mimi ningekubali kitu kimoja: mtoto aandike kwa kalamu, karatasi zipigwe skani, sisi watahini tusahihishe kwenye skrini. Cambridge wanafanya hivyo kwa mitihani yao. Sasa hivi mwalimu wa Mombasa anayesahihisha KCSE anaacha watoto wake Desemba, anakwenda kulala kwenye bweni la shule ya mbali, anasahihisha swali lake lile moja mamia ya mara. Kwa nini asilisahihishe akiwa hapa Changamwe?

---

Kibodi_Mvita:

Hapo kwenye hatua sina ubishi nawe, na hilo la skani ni pendekezo zuri kuliko mengi niliyosoma mahali pengine. Tena kwa njia hiyo karatasi ile ile inaweza kusahihishwa na watahini wawili ambao hawajuani, bila kusafirishwa popote. Kwa masomo yenye hatua, michoro na fomula, mimi ningeishia hapo kwa sasa: kalamu kwa mtoto, skrini kwa mtahini.

Ila nisingesema hesabu haifanyiki. Zoezi la wiki la maswali mafupi linafanyika vizuri sana, na kila mtoto anapewa namba zake. Swali moja la riba, mwanafunzi huyu ana shilingi 12,000 kwa asilimia 8, jirani yake ana 15,000 kwa asilimia 6. Kuchungulia hakumsaidii mtu.

---

Nesi_Pwani:

Hamjambo walimu. Nachangia kwa sababu manesi wengi wa Pwani tunajiandaa na NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, ili tukafanye kazi Marekani. Mtihani huu umekuwa wa kompyuta tangu 1994, na ni wa aina ambayo nadhani watu humu hawajaitaja. Mashine inachagua swali lifuatalo kulingana na ulivyojibu yaliyopita. Ukipata, linakuja gumu zaidi. Ukikosa, linakuja jepesi. Huwezi kurudi nyuma. Unaweza kumalizia kwenye swali la 85 au ukaenda hadi la 150, na muda ni saa tano. Mashine ikizima kwenye 85 hujui umepita au umeanguka, na mtu aliyekaa karibu nawe alikuwa na maswali mengine kabisa.

Kwa mtu mzima aliyefanya mazoezi ni sawa. Kwa mtoto wa miaka 17, ile hali ya kuona maswali yanazidi kuwa magumu inaweza kumvunja moyo akadhani anafeli, kumbe ndiyo anafanya vizuri. Muwaandae kisaikolojia pia, tafadhali.

---

Kibodi_Mvita:

Dada nesi, ahsante sana, umenifungulia mlango wa jambo nililotaka kulifikia.

KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Hakuna namna ya kupata mashine za watu wote hao asubuhi moja. Kwa hivyo lazima waingie kwa zamu, siku kadhaa. Na wakiingia kwa zamu, maswali hayawezi kuwa yaleyale, maana wa Jumatatu atamwambia wa Jumatano. Inahitajika benki ya maswali, kubwa, na kila swali liwe limejaribiwa na ugumu wake unajulikana kabla halijaingia kwenye mtihani. India walipohamisha JEE Main, mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi, kwenye kompyuta 2019, hawakuweza kutumia alama ghafi tu; wanalinganisha kila mtu na wenzake wa zamu yake kwanza, kisha ndipo wanaunganisha zamu zote. Sasa jaribuni kumweleza mzazi wa Kisauni kwamba mwanawe alipata 61 na wa jirani 58 lakini wa jirani ndiye yuko juu kwa sababu zamu yake ilikuwa ngumu. Inaelezeka, na ni haki, lakini inataka imani kubwa kwa mtahini.

Na imani hiyo inavunjika haraka. Nigeria wana mtihani wa kuingia chuo, UTME, maswali 180 kwa saa mbili, wote kwa kompyuta tangu 2015. Wana mambo mazuri ya kuiga. Mtahiniwa asiyejua kipanya anaweza kufanya mtihani mzima kwa vitufe vinane tu: A, B, C, D vya kujibu, N kwenda mbele, P kurudi, S kumaliza na R kughairi kumaliza. Hilo nalipenda mno. Mtu aliketi akamfikiria mtoto wa kijijini. Lakini mwaka 2025 baadhi ya seva za Lagos na kusini mashariki hazikuwekewa sasisho kama zile nyingine, na majibu yakasahihishwa vibaya. Watahiniwa 379,997 katika vituo 157 waliathirika. Mkuu wa JAMB, bodi inayosimamia mtihani huo, Profesa Ishaq Oloyede, aliomba radhi hadharani huku akitokwa machozi, na watoto wakaitwa kurudia. Walikuwa na miaka kumi ya uzoefu, na bado. Misri nao Machi 2019 waliwafanyisha wanafunzi wa sekondari mtihani kwa vishikwambi, na siku ya kwanza mfumo ukaanguka.

Ndiyo maana nasema tuanzie chini. Makosa ya aina hii yatatokea popote. Yatokee kwenye mtihani wa wiki wa gredi ya kumi, tuyarekebishe Jumatatu.

---

Ustadh_Kisauni:

Assalaam alaykum. Mwalimu, umetaja Insha na Caps Lock, mimi nakuletea la Kiarabu. Watoto wetu wa Pwani wengi wanafanya Kiarabu na IRE, somo la dini ya Kiislamu. Madrasa wameandika kwa mkono tangu wadogo, na harakati (alama za irabu) zote, na hati zao nzuri mashallah. Kibodi za shule hazina hata herufi moja ya Kiarabu. Maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto, ukichanganya na namba au neno la Kiingereza mstari unaruka ovyo. Mtoto atapoteza pale anapotegemea kupata A yake. Na wasioona, nao wamefikiriwa?

---

Kibodi_Mvita:

Wa alaykum salaam, Ustadh. Kiarabu kiwe pamoja na hesabu: kalamu kwa mtoto, skani kwa mtahini, mpaka atokee mtu wa kuweka kibodi zenye herufi mbili na muda wa kujifunza. Sioni sababu ya masomo yote kuhama siku moja.

Kuhusu wasioona, hapo ndipo kompyuta inaweza kuleta nafuu kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Programu ya NVDA ni ya bure, inasoma skrini kwa sauti, na ile sauti yake ya eSpeak inakijua Kiswahili. Mtoto anavaa vifaa vya masikioni, anasoma swali mara anazotaka, anaandika mwenyewe bila mtu wa kumwandikia. Lakini hata yeye anahitaji miaka ya mazoezi, maana sauti ile si ya mtu na masikio huizoea polepole. Na swali lenye picha lazima liandikiwe maelezo. Shule ya wasioona ya Likoni iko hapa hapa. Walimu wake wanafaa kuwa mezani tangu siku ya kwanza, wasiitwe mwishoni kuonyeshwa kilichokwisha kuamuliwa.

---

MamaWawili_Likoni:

Nimeelewa zaidi sasa. Swali la mwisho, mwalimu. Huyu wangu wa gredi ya nane, yeye hatafanya KCSE. Haya yote yanamhusu vipi? Na shule yao ina kompyuta chache, nyingine zimeshika kutu.

---

Kibodi_Mvita:

Mama, yanamhusu yeye kuliko huyo wa kidato cha tatu. KCSE ya mwisho ni 2027. Wa mtaala mpya waliotangulia, walioingia gredi ya kumi Januari 2026, watamaliza 2028 na mtihani wa aina mpya. Mtihani mpya ndio wakati wa kuamua unafanywaje, kabla mazoea hayajaganda. Ikiwa mtoto wako ataanza kufanya majaribio mafupi kwa kibodi sasa hivi, akifika huko vidole havitakuwa kikwazo.

Kuhusu kompyuta chache: kutu ni hewa yetu ya chumvi, na chumba cha kompyuta chenye vioo vya kufungua upande wa bahari kinaziua mashine mapema. Zifunikwe, zipulizwe vumbi, ziwashwe mara kwa mara hata likizo. Mashine isiyowashwa huku Pwani ndiyo inayokufa kwanza.

Na kinachotakiwa kuanza si kikubwa. Kompyuta moja ya kiasi iwe seva, iwekewe Moodle. Ruta ya kawaida, bila laini ya intaneti. Mashine kumi zinazofanya kazi, darasa la hamsini liingie kwa zamu tano za dakika ishirini, maswali kumi na tano yakichotwa kutoka benki ya mia moja. Safe Exam Browser ya kufunga dirisha lisitoke, nayo ni bure. Ukaguzi wa tahajia wa Kiingereza uzimwe kabisa, tafadhali sana walimu wenzangu. Na mtoto atakayesema leo naomba karatasi, apewe karatasi yenye maswali yaleyale, bila kuulizwa mara mbili.

Kazi kubwa ni benki ya maswali. Mwalimu mmoja hawezi. Mimi nimeanza ya somo la Kompyuta gredi ya kumi na kidato cha tatu, na lile swali la printa nimeliondoa. Hesabu_Changamwe, wewe ukichukua riba, asilimia na uwiano kwa mtindo wa kila mtoto na namba zake, na Ustadh akatusaidia IRE kwa yale maswali mafupi, muhula ujao tuna masomo matatu ya kujaribia. Anayetaka kuingia aandike hapa chini somo lake na darasa analofundisha, tugawane mada.

---

Hesabu_Changamwe:

Niandike. Hesabu, kidato cha tatu. Riba naanza nayo wiki hii. Kwenye skani bado nitakusumbua.

---

Ustadh_Kisauni:

IRE, gredi ya kumi na kidato cha tatu. Nitakuletea maswali ya Sira kwanza, kisha Fiqhi. Aya zote nitaziandika kwa mkono nizipige picha, zisije zikaharibika herufi.